Chelezo

Saa nne kasorobo asubuhi. Mtihani wa majaribio
wa shule moja ya Makorora umetoka nusu kwenye printa,
na kompyuta inaniambia, kwa adabu zake zote,
haina tena mahali.

Haina mahali! Diski ya giga mia tano,
na mimi kazi yangu barua, vyeti, picha za pasipoti,
mara moja moja tangazo la mbuzi aliyepotea.
Nikafuta picha za harusi ya watu.
Nikafuta kaswida. Nikamwaga pipa la taka.
Ikapumua dakika tatu, ikajaa tena
kama ndoo chini ya bati linalovuja.

Nikampigia Shebughe, mpwa wangu, yuko Korogwe kazini.
"Mjomba, itakuwa ile programu ya chelezo niliyokuwekea
mwaka ule umeme ulipokuunguzia kazi.
Kila usiku saa mbili hunakili mashine nzima.
Tahadhari kabla ya hatari."
"Hunakili na nakala za jana?"
Akanyamaza. Nikasikia nyundo.
"Inawezekana hilo sikulizima."

Mimi chelezo nilichokijua ni kigogo kinachoelea
kukwambia nanga iko wapi chini.

Basi nikaingia ndani.
Nakala tumboni mwa nakala,
kila usiku umeubeba wa kabla yake mgongoni.
Mji wetu husema waja leo waondoka leo.
Faili zangu zaja leo. Haziondoki.
Na wahenga nao: akiba haiozi!
Hawakusema itakula ukumbi, ije kula chumba,
mpaka mwenye nyumba alale barazani.

Nikaanza kufuta. Juma moja. Mwezi.
Masika yote ya mwaka juzi.
Kidole kikishazoea hakina huruma.

Ndipo nikakuta: Barua ya Bi Mwanakombo.

Alikuwa akija Ijumaa, baada ya sala,
mia tano kaifunga kwenye pindo la leso.
"Fungua ile yetu."
Tunaifungua, anasoma kwa sauti ya chini,
hili toa, hapa ongeza, nahifadhi juu ya ile ile.
"Tuipeleke?"
"Bado haijakaa."

Nilidhani barua ni moja.
Mashine ilikuwa imeziweka zote, Ijumaa kwa Ijumaa.

Ya kwanza kurasa mbili: Hemedi, tangu uende Maskati
paa linavuja, deni kwa Kilua limefika shingoni,
umemsahau aliyekubeba, Mungu anakuona.
Ya mfungo sita haina tena Mungu anakuona.
Deni likapungua kwenye karatasi,
ingawa dukani kwa Kilua najua halikupungua.
Kufika vuli paa limeondoka,
limebaki: dada yako kajifungua, mtoto ana masikio yako.
Na ya mwisho, mstari mmoja:
Hemedi, machungwa ya Muheza yameshuka bei.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Jumanne tukamzika.

Asiyekuwapo na lake halipo.
Mara ngapi nimeisema hiyo nikicheka, nikigawana faida na wenzangu!

Mwalimu Shekalaghe kaegemeza baiskeli mlangoni pangu.
"Fundi, watoto wameshakaa kwenye madawati."
Nikazipima barua zile, thelathini na nane.
Zote pamoja hazifikii uzito wa picha moja ya pasipoti.
Sizo zilizojaza.
Kilichojaza ni mashine kujinakili yenyewe,
usiku baada ya usiku, kwa woga.

Nikafuta yaliyobaki yote, mtihani ukatoka,
kurasa za mwisho wino hafifu, mwalimu hakulalamika.
Shebughe akanielekeza: weka usiku saba, wa nane ujifute.
Nikaweka saba.
Barua nikazitia kwenye flashi yenye uzi mwekundu.
Anwani ya Maskati hakuwahi kunipa,
na mimi, Ijumaa zote zile, sikuwahi kumwuliza.

Jioni nilichelewa kufunga.
Saa mbili nimo barabara ya kumi na mbili, kufuli mkononi,
nikaisikia kule ndani, gizani, inaanza tena:
krr, krr, krr.